Dola ya Mwaka wa 1804: Mambo Yanayoipa Sarafu ya Kale Thamani Yake



Wazee wa pwani waliofanya biashara zamani za Sayyid Said walikuwa na jina kwa kila namna ya reale. Walikuwa na reale ya mzinga, ndiyo reale ya Kihispania, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya nguzo mbili zilizochorwa juu yake, ambazo watu walizidhania kuwa mizinga. Walikuwa na reale ya Shamu, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Hata kipimo cha wakia kilikuwa ni uzito wa reale moja.

Leo nataka kuwaeleza habari za ndugu wa reale hizo, nayo ni dola ya fedha ya Marekani, na hasa zile dola za kwanza zilizopigwa tangu mwaka wa 1794. Baadhi ya dola hizo huuzwa leo kwa mamilioni, ijapokuwa fedha iliyomo ndani yake haimtoshi sonara kufanya bangili moja nzuri. Nitaeleza sababu yake. Mtu akiifahamu sababu hiyo hatadanganyika upesi na wachuuzi, wala hataiharibu kwa mikono yake mwenyewe mali aliyoachiwa na babu yake.

Wamarekani walipokwisha kujitoa katika utawala wa Uingereza hawakuwa na fedha yao wenyewe. Walitumia sarafu za mataifa mbalimbali, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa reale ya Kihispania. Basi tarehe 2 Aprili, mwaka wa 1792, ilitungwa sheria ya kuanzisha kiwanda cha kupigia sarafu katika mji wa Philadelphia, uliokuwa mji mkuu wakati ule. Sheria hiyo iliamuru kwamba dola iwe sawa na reale zilizokuwa zikizunguka mikononi mwa watu: uzito wake wote uwe karibu gramu 27, na katika huo gramu 24 na kitu kidogo ziwe fedha safi, na iliyobaki iwe shaba.

Lakini dola haikupigwa mara moja. Sheria ilitaka kila mkuu wa kazi ya dhahabu na fedha aweke dhamana ya dola 10,000, ili asiibe. Mali hiyo ilikuwa kubwa mno kwa watu wa mshahara, wala hawakuipata. Kwa hiyo katika mwaka wa 1793 kiwanda kilipiga sarafu za shaba tu. Dhamana ilipopunguzwa ndipo fedha ikaanza kuyeyushwa, na tarehe 15 Oktoba, mwaka wa 1794, dola za kwanza zilitolewa. Idadi yake ilikuwa 1,758, na katika mwaka ule hazikutolewa nyingine. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye nywele zilizofunguliwa, mfano wa Uhuru, na nyota 15 zimemzunguka, kwa hesabu ya majimbo ya wakati ule. Upande wa pili palikuwa na tai aliyekunjua mbawa. Thamani ya sarafu haikuandikwa pande hizo mbili, bali iliandikwa kwa herufi katika ukingo wake.

Yafaa tujue jinsi zilivyopigwa, maana mjuzi huitambua dola ya kweli kwa alama za kazi hiyo. Kwanza bamba la fedha lilikatwa vipande vya mviringo, na kila kipande kikapimwa katika mizani. Kilichozidi uzito kilisuguliwa kwa tupa, na mikwaruzo ya tupa yaonekana hata leo juu ya dola nyingi za kweli. Kilichopungua kilizibwa katikati kwa kijiti kidogo cha fedha. Kisha kipande kilibingirishwa baina ya vyuma viwili vilivyochongwa herufi, ili maneno yaingie katika ukingo. Mwisho kiliwekwa baina ya chapa mbili za chuma, chini ya shinikizo la parafujo, na watu wakavuta mikono ya shinikizo kwa nguvu zao.

Shinikizo lililokuwapo mwaka wa 1794 lilitengenezwa kwa ajili ya sarafu ndogo, wala halikuwa na nguvu za kutosha kwa dola. Tena chapa mbili hazikukutana sawasawa. Kwa hiyo katika dola za mwaka ule nyota za upande wa kushoto zimefifia. Mtu asiyejua aweza kusema kwamba zimechakaa, kumbe zilizaliwa hivyo.

Mwaka uliofuata kiwanda kilipata shinikizo kubwa zaidi, na dola zikawa nyingi. Mwisho wa mwaka wa 1795 sura ilibadilishwa, akawekwa mwanamke mwenye nguo begani. Lakini ilitokea hasara ambayo watunga sheria hawakuitazamia. Dola mpya ilikuwa na upungufu kidogo wa fedha kuliko reale nzito ya Kihispania, ila iling’aa, na watu wa visiwa vya West Indies waliipokea moja kwa moja. Wafanya biashara wakaona faida. Walichukua dola mpya, wakazibadili visiwani kwa reale nzito, wakarudi na reale hizo kiwandani ziyeyushwe na kupigwa dola nyingine, nao walibaki na ziada. Hivyo dola zikatoka katika nchi mara tu zilipopigwa.

Katika mwaka wa 1804 kiwanda kilitoa dola 19,570, kisha kazi hiyo ikakoma, na mwaka wa 1806 ikaja amri ya serikali ya kuizuia. Hata zile 19,570 hazikuandikwa mwaka wa 1804. Chapa ya chuma ilikuwa kitu cha gharama, haikutupwa kabla haijavunjika. Basi zilipigwa kwa chapa za mwaka wa 1803 na za nyuma yake. Lakini katika daftari la kiwanda iliandikwa tu kwamba mwaka wa 1804 zilitoka dola kadha wa kadha. Lishikeni sana neno hilo la daftari, kwani ndilo lililozaa kisa chetu.

Alikuwako mfanya biashara mmoja wa Marekani, jina lake Edmund Roberts. Mwaka wa 1828 alikuwa Unguja, akaonana na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, akaona jinsi biashara ya pwani yetu ilivyoweza kuleta faida. Aliporudi kwao aliwashauri wakubwa wa serikali, na Rais Andrew Jackson akamtuma awe mjumbe wake. Mwaka wa 1833 Roberts alifanya mapatano na mfalme wa Siam, na mwezi wa Septemba wa mwaka uo huo akafanya mapatano na Sayyid Said huko Maskati. Baada ya mapatano hayo biashara ya Wamarekani katika Unguja iliendelea kukua, na nguo yao ikavaliwa hata mbali barani, ikaitwa merikani kwa jina la nchi yao.

Ilipofika wakati wa kupeleka mapatano yaliyothibitishwa, serikali ilitaka kuwapelekea watawala hao zawadi. Katika zawadi hizo, mwezi wa Novemba wa mwaka wa 1834, iliagizwa kwamba zipigwe sarafu za kila namna ya Marekani, nzuri mno, zitiwe katika visanduku. Watu wa kiwanda wakaona shida, kwa kuwa miaka 30 ilikuwa imepita bila kupiga dola hata moja. Wakafungua daftari, wakakuta kwamba dola za mwisho zilitoka mwaka wa 1804. Basi wakachonga chapa na kuandika juu yake 1804. Hawakujua kwamba dola yenye tarehe hiyo haikupata kuwako tangu dunia iumbwe. Hivyo dola ya mwaka wa 1804 ilizaliwa katika mwaka wa 1834.

Roberts akapanda manowari iitwayo Peacock. Mwezi wa Septemba, mwaka wa 1835, ilifika Unguja, kisha ikaelekea kaskazini. Karibu na kisiwa cha Masira, katika pwani ya Arabuni, ilipanda mwamba, na mabaharia wakatupa mizinga baharini ili chombo kipate wepesi. Roberts alishuka katika mashua ndogo, akaenda Maskati kuomba msaada, naye Sayyid akapeleka msaada. Manowari ikaokoka na zawadi zikaokoka. Mwanzo wa mwezi wa Oktoba Sayyid Said alipokea sarafu zake, na ndani yake mlikuwa na dola moja ya mwaka wa 1804. Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1836, mfalme wa Siam alipokea zake. Roberts mwenyewe hakurudi kwao. Alifariki Macao mwezi wa Juni wa mwaka ule.

Dola za namna hiyo ya kwanza zinazojulikana ni nane tu. Moja ilipatikana na mkusanyaji wa sarafu wa mji wa Salem, aitwaye Matthew Stickney, mwaka wa 1843, alipobadilishana na kiwanda. Salem ndio mji ambao merikebu zake zilijulikana sana Unguja katika siku hizo. Wakusanyaji walipoona kwamba iko dola ya mwaka wa 1804, nao hawaioni mahali pengine, wakaitamani sana. Tamaa ikazaa udanganyifu. Baina ya mwaka wa 1858 na 1860 palikuwa na watu wa kiwandani waliopiga nyingine kwa siri, wakaziuza. Hizo hazikuwa na herufi ukingoni, na aibu ilipojulikana, baadhi yake zikarudishwa. Moja ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka wa 1857, na alama za sarafu ile ya zamani zaonekana mpaka leo chini ya sura ya dola. Hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Nyingine sita zilitiwa herufi ukingoni baadaye. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka mingi, wajuzi walihesabu dola 15 zote pamoja.

Mwaweza kuuliza: ilijulikanaje kwamba hata zile nane hazikupigwa mwaka wa 1804? Jibu limo katika ukingo. Nimekwisha kusema kwamba herufi za ukingo zilitiwa kabla ya sarafu kupigwa. Mwaka wa 1804 kipande kilipopigwa kilikuwa huru kutanuka kidogo, na herufi zikabaki nzima. Katika miaka ya baadaye kiwanda kilianza kutumia pete ya chuma iliyokibana kipande pande zote. Katika zile dola nane herufi za ukingo zimepondeka kwa kubanwa na pete, na pete ya namna hiyo haikuwako katika kiwanda kile mwaka wa 1804. Kitabu kilichoeleza mambo hayo yote kwa ushahidi kilitoka mwaka wa 1962, na katika mwaka uo huo sarafu za mfalme wa Siam zikatokea London, zikakithibitisha.

Hapa mtu atadhani kwamba baada ya siri kufunuliwa bei ilianguka. La, haikuanguka, ilipanda. Sarafu za mfalme wa Siam, zote pamoja, ziliuzwa mwaka wa 2005 kwa dola milioni 8 na nusu. Dola inayoaminika kuwa ndiyo ile ya Sayyid Said, ambayo ilionekana katika mnada wa London mwaka wa 1917, iliuzwa mwaka wa 1999 kwa dola 4,140,000, na mwezi wa Agosti, mwaka wa 2021, kwa dola 7,680,000. Nayo dola moja ya mwaka wa 1794, iliyohifadhika vizuri kupita kiasi, iliuzwa mwezi wa Januari, mwaka wa 2013, kwa dola 10,016,875. Na hata siku ile hapakuwa na sarafu iliyopata kuuzwa mnadani kwa bei kubwa kama hiyo. Tena dola hiyo ina kijiti cha fedha katikati, maana ilipungua uzito siku ilipopigwa!

Sasa tutazame mambo yanayoipa sarafu thamani.

Jambo la kwanza ni uhaba, wala si umri. Dola ya mwaka wa 1799 ni ya zamani kuliko ile ya 1834, lakini zilipigwa laki kadha, na iliyochakaa yaweza kupatikana kwa dola elfu moja au elfu chache. Za mwaka wa 1794 hazifiki 150 zilizosalia, na hata iliyochakaa huuzwa kwa makumi ya elfu. Na hapa petu tunao mfano mzuri zaidi. Reale ya Shamu huandikwa mwaka wa 1780, ambao ndio mwaka aliokufa Maria Theresa. Lakini kwa kuwa watu wa Arabuni, wa Uhabeshi na wa pwani hawakutaka reale nyingine, iliendelea kupigwa miaka mingi mno baada yake, na tarehe ikawa ile ile. Tarehe yake na tarehe ya dola ya 1804 zote mbili hazisemi kweli. Ila ya kwanza ni nyingi kama dagaa sokoni, na ya pili ni chache kama meno ya kuku.

Jambo la pili ni hali ya sarafu. Mwaka wa 1949 mtaalamu William Sheldon alitunga daraja za kupimia hali ya senti kubwa za shaba za Marekani, tangu 1, ndiyo iliyochakaa hata haitambulikani ila kwa shida, mpaka 70, ndiyo isiyo na kasoro. Baadaye daraja hizo zilitumiwa kwa sarafu zote za Marekani. Tofauti ya daraja chache huweza kuwa tofauti ya nyumba na shamba.

Jambo la tatu ni kutakiwa. Kitu kinaweza kuwa kimoja tu duniani, na kama hakuna anayekitaka hakina bei. Na jambo la nne ni habari zake za kweli: ilitoka mkono gani ikaingia mkono gani. Dola ya 1804 hainunuliwi kwa tarehe yake. Hununuliwa kwa kisa chake, na kisa hicho kina nguvu kwa sababu kimechunguzwa na kuandikwa kama kilivyo.

Katika hayo yatoka mafundisho kwa mtu yeyote aliye na sarafu ya zamani ndani ya kasha. Usiisugue. Wengi hupata sarafu nyeusi, wakaipiga majivu na ndimu mpaka ikang’aa, wakadhani wameipamba. Weusi ule ni ngozi ya fedha iliyofanyika kwa miaka, na mjuzi huitafuta. Ukiisugua umeichuna sarafu yako, wala haitarudi. Usiitoboe. Mabibi wengi zamani walitoboa reale wakazitia katika mkufu, na ni pambo zuri, lakini sarafu yenye tundu imepoteza sehemu kubwa ya bei yake. Ishike kwa ukingo, usiiguse usoni, na uiweke katika karatasi safi mahali pakavu.

Tena, usimwuzie sonara kwa uzito kabla hujaisoma. Tazama jina la nchi, mwaka, na ukingo, ukayaandike hayo na kumwonyesha mtu ajuaye. Na ukipata wawili wajuao ni afadhali. Kama umeipata kwa wazee, waulize kabla hawajafariki: ilitoka wapi, nani aliileta, kwa biashara gani? Yaandike majibu yao, kwa kuwa maneno hayo nayo ni sehemu ya mali.

Nanyi mnaonunua, jihadharini. Dola za uongo za mwaka wa 1804 zimejaa katika masoko ya dunia. Kila moja ya zile 15 yajulikana ilikopitia, kwa hiyo anayekutolea moja mfukoni kwa bei ya mbuzi anakudhihaki. Ipime: dola ya kweli ina gramu karibu 27. Tazama ukingo: dola hizo za kwanza zina herufi, na nyingi za uongo zina mistari kama sarafu za siku hizi. Iweke karibu na sumaku: fedha haivutwi, na ikivutwa imekwisha kujishitaki yenyewe. Lakini isipovutwa usifurahi bado, maana shaba na risasi nazo hazivutwi.

Sisemi haya ili kila mwenye reale ya Shamu atumaini kutajirika. Nyingi katika hizo hazizidi sana bei ya fedha iliyomo, na ni heri kuambiwa kweli hiyo leo kuliko kuuza ng’ombe ili ununue kasha la reale kwa tamaa. Lakini mwaka wa 1834 waandishi walilitazama daftari bila kulihakiki, wakaandika juu ya fedha neno lisilo kweli. Na watu wengine, kwa uvumilivu, wakaitazama ile sarafu mpaka ukingo wake ukasema kweli. Nanyi itazameni hivyo kila sarafu ijayo mikononi mwenu, pande zote mbili, na ukingo wake pia.